Kasoro Zote za Ruta Zimefutwa Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Katibu Mkuu wa Wizara, uliyeacha shughuli nyingi ili uje hapa, au walau ndivyo ulivyotuandikia. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na makaimu wa wakuu ambao wakuu wao wamepata udhuru. Mganga Mkuu wa hospitali hii. Muuguzi Mkuu pamoja na kikosi chako cheupe. Ndugu wadau wa maendeleo, wadau wa kawaida, na wale mliosikia tu kwamba kuna chakula. Watumishi wenzangu wa zahanati sita mnaotufuatilia kupitia skrini ile kubwa. Mke wangu mpenzi, safu ya pili. Na mama mkwe wangu, ambaye amekaa safu ya tatu karibu na mlango na ambaye hajapiga makofi hata mara moja: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja safu ya nyuma anauliza kama hotuba imeanza. Anaambiwa bado.)

Kwa wasionifahamu, ingawa sielewi wametokea wapi, mimi ni Mkurugenzi Mkuu Mtendaji wa Kurugenzi ya Uratibu, Uunganishaji, Uendelezaji na Usimamizi Endelevu wa Mitandao ya Kompyuta katika Taasisi za Afya na Taasisi Zinazofanana na za Afya. Naomba cheo hicho kisifupishwe. Mwaka jana kuna ofisi ilikifupisha kwenye bahasha, nami bahasha ile niliirudisha bila kuifungua, na mpaka leo sijui ndani yake kulikuwa na nini.

Nitakuwa mfupi. (Minong'ono ya kukata tamaa.) Leo, saa nne na nusu hii ya asubuhi, tunazindua kukamilika kwa Mradi Kabambe wa Kutokomeza Kasoro Zinazojulikana katika Mifumo Endeshi ya Ruta, mradi ambao kwa maneno ya kawaida, maana nawaona wapishi kule nyuma wamekunja uso, unahusu kile kisanduku chenye taa kilichomo kwenye chumba cha mitambo mwisho wa korido. Kisanduku kile ndicho kinachobeba habari zote za hospitali hii: majibu ya maabara kwenda wodini, orodha ya dawa, orodha ya damu, simu za mezani, na hata sura yangu inayokwenda zahanati zote sita muda huu. Ndani ya kisanduku kuna programu inayokiendesha, na programu hiyo, kama mtumishi yeyote wa umma, ina kasoro zake. (Kicheko. Katibu Mkuu hacheki. Kicheko kinakoma.)

Sasa, ndugu zangu, kasoro inayojulikana ni ile ambayo hata aliyetengeneza ruta anakiri kwamba ipo, ameiandika, ameipa namba, na akasema: mkiona hivi, fanyeni vile, wakati mkisubiri marekebisho yatakayokuja siku yatakapokuja. Nilipoteuliwa niliomba takwimu. Nikaambiwa hospitali hii peke yake ina kasoro zinazojulikana sitini na tatu. Chai yangu ilipoa mkononi. Nikauliza, zinajulikana na nani? Nikajibiwa kwamba zinajulikana na fundi wa mtandao, yule mnayemwita Bibi Waya, ambaye ndiye mama aliyemzaa mke wangu, na ambaye alikuwa kazini hapa miaka kumi na moja kabla mimi sijapeleka posa kwake. Kwa hiyo asije mtu akasema nilimpendelea, na baada ya hotuba hii nadhani hakuna atakayesema.

Nililetewa daftari lake. Jalada gumu, mwandiko safi, na kila ukurasa ni aibu kwa taasisi. Nawasomea machache kwa kumbukumbu. Kasoro namba nne: kila baada ya siku tisa ruta hujaa kumbukumbu na kuganda, dawa yake, izime asubuhi ya siku ya nane kabla wagonjwa hawajafika, hesabu mpaka thelathini, iwashe. Kasoro namba kumi na tisa: tundu la waya wa maabara huwaka taa ya kijani lakini halipitishi kitu, dawa yake, lifunge kwa amri, lifungue tena, wala usiiamini taa. Kasoro namba thelathini na mbili: umeme ukikatika, saa ya ruta hurudi nyuma zaidi ya nusu karne, dawa yake, irekebishe kwa mkono, vinginevyo majibu ya vipimo yatatoka na tarehe za zamani. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuna bwana mmoja wodi namba tatu ambaye kwa mujibu wa kompyuta alipimwa sukari miaka tisa kabla ya kuzaliwa, na majibu yalikuwa mazuri kuliko ya sasa.

Kiongozi mwingine angeitisha wakshopu. Mimi nilitoa Waraka Namba Saba. (Anatulia apigiwe makofi. Yanakuja baada ya muda.) Waraka huo unasema kwamba kuanzia sasa hakuna kasoro itakayohesabiwa kuwa inajulikana mpaka itambuliwe na Kamati ya Kitaalamu ya Utambuzi wa Kasoro, yenye wajumbe tisa, ambayo itaanza vikao mara mwenyekiti atakapoteuliwa, na mwenye mamlaka ya kumteua mwenyekiti ni mimi, nami bado natafakari. Daftari nikalifungia kabatini kwangu. Papo hapo, waheshimiwa, siku ile ile, kasoro zinazojulikana zilishuka kutoka sitini na tatu mpaka sifuri, punguzo la asilimia mia moja, rekodi ambayo nimeulizia nchi za mbali na hakuna aliyenijibu kwamba anayo. (Makofi ya nguvu kutoka kwa makaimu.)

Mganga Mkuu, ambaye namheshimu, alikuja ofisini kwangu akaniuliza kama basi ruta imeacha kuganda. Nikamwambia, daktari, inaganda, lakini haijulikani. Akatoka. Ndiyo tofauti ya mtu aliyesomea mwili wa binadamu na mtu aliyesomea menejimenti.

Hatukuishia hapo. Kwa kutumia fremuweki yetu ya mageuzi, tulikusanya printa zote za hospitali hii ili tuwe hospitali isiyo na karatasi. Tukaondoa maandishi kwenye chupa za damu, tukaweka mistari ya kusomwa na kompyuta, kwa sababu maandishi humchosha msomaji. Na katika taarifa yangu ya nusu mwaka niliripoti kwamba ruta hii, na nyingine kwingineko, zimewekewa mfumo endeshi mpya, Vesheni ya Kumi na Mbili, usioganda, usiosahau tarehe, na usiohitaji mtu wa kuuangalia.

Naona Muuguzi Mkuu amenyoosha mkono. Sema, mama. (Muuguzi Mkuu anauliza, kama kisanduku hakihitaji mtu, siku ya nane nani atakizima.) Siku ya nane imefutwa, mama. Kaa chini. (Anakaa. Wauguzi wanatazamana.)

Na hapo ndipo ninapofika kwenye uamuzi mgumu wa kiongozi. Ikiwa kasoro ni sifuri, fundi wa kasoro ni wa nini? Kwa hiyo nimesaini barua ya kufuta nafasi ya Bibi Waya kuanzia leo, saa sita kamili mchana. (Kelele za masikitiko. Mke wa Mkurugenzi anageuza uso upande wa dirisha.) Tulieni. Tulieni, jamani. Najua amebakiza miezi mitano tu apate kiinua mgongo cha utumishi kamili. Najua pia anasomesha mjukuu wa marehemu kaka yake. Nimeyajua hayo mezani kwangu, nyumbani, kila siku ya Jumapili, kwa sauti ya juu. Lakini sheria ni msumeno, na mimi sina upendeleo wa kindugu, na aliye na ushahidi mwingine aulete kwa maandishi.

Barua ina masharti. Baada ya saa sita hakuna asiye mtumishi atakayeingia chumba cha mitambo. Mlinzi wa korido, simama wakuone. (Mlinzi anasimama, anapiga saluti, anabaki amesimama.) Huyu nimempa maelekezo mwenyewe: hata nikimpigia simu, hata nikija kwa miguu yangu nikamsihi, asimfungulie mtu bila karatasi yenye saini na sababu. Nilimwuliza mara tatu kama ameelewa. Alielewa mara ya kwanza.

Ngoja niseme na jambo la furaha. Asubuhi hii nilimpa Bibi Waya jukumu lake la mwisho, la heshima. Kila tundu la waya kwenye ruta lina sehemu ya kuandika maelezo, na yeye alikuwa ameandika vitu vikavu kabisa: maabara, wodi ya wazazi, benki ya damu. Nikamwagiza mbele ya kila neno atangulize cheo changu kamili, ili fundi yeyote wa vizazi vijavyo akifungua orodha ajue kazi hii ilifanywa chini ya nani. Akaniambia kuna kasoro namba arobaini na moja, kwamba maelezo yakizidi herufi sitini na nne, ruta inaanguka pale mtu anapofungua orodha, na ikianguka hainyanyuki mpaka maelezo yafupishwe. Nikamkumbusha kwamba kasoro namba arobaini na moja haijulikani. Akanitazama kidogo, kisha akaandika kama alivyoagizwa, herufi kwa herufi, na akanisainisha kwamba nimeagiza. Nikasaini kwa fahari.

Kabla sijaifungua orodha hiyo muione, niruhusuni nieleze falsafa yangu ya uongozi, ambayo ina nguzo kumi na nne.

(Anaeleza nguzo kumi na nne. Inapita saa moja na robo. Kaimu mmoja anasinzia na kuamshwa na kaimu mwingine.)

Na sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa idhini yako, nabonyeza kitufe hiki, na orodha ya ruta yetu itatokea kwenye skrini ikiwa na cheo changu mara arobaini na nane. Moja, mbili, tatu. (Anabonyeza. Skrini inaganda. Zahanati sita zinabaki kama picha, mkunga wa zahanati ya tatu akiwa katikati ya kupiga mwayo.)

Hiyo ni apdeti. Inajisasisha. Jambo la kawaida kabisa katika mifumo ya kisasa, subirini kidogo. Wakati tunasubiri, nguzo ya kumi na tano. (Simu ya mezani ya ukumbi inanyanyuliwa na kurudishwa. Haina mlio.) Nguzo ya kumi na tano ni utulivu. Mtulie.

Nani huyo anakimbia ukumbini? Muuguzi Mkuu, ulitoka saa ngapi? Zungumza na kipaza sauti, usininong'oneze, hapa hatuna siri. (Muuguzi Mkuu anachukua kipaza sauti. Anasema kuna mama wa mapacha mezani chumba cha upasuaji, anahitaji damu kabla hawajaanza, na benki ya damu haiwezi kufungua orodha. Chupa zipo, lakini zina mistari mitupu. Hakuna anayejua ipi ni ya kundi gani. Kupima upya chupa moja moja kutachukua muda ambao mama yule hana.) Nimesikia. Nimesikia, mama. Basi waandike kwenye... printa si tulizikusanya. Sawa.

Mama mkwe. Yaani, Bibi Waya. Tafadhali nenda ukaizime na kuiwasha. (Bibi Waya ameshafika kwenye mlango wa korido ya chumba cha mitambo. Mlinzi wa korido amesimama mbele yake, mkono kwenye kitasa.) Mfungulie. Mlinzi, nakuamuru, mfungulie. (Mlinzi anasema, kwa heshima zote, ni saa sita na dakika nne, na mama huyu si mtumishi, Mkurugenzi alisema hata akija kwa miguu yake akamsihi, asimfungulie.) Nilisema hivyo kwa ajili ya mazingira mengine. (Mlinzi anaomba karatasi yenye saini na sababu.)

Afisa Utumishi, leta fomu. Haraka, mbona unatembea kama bibi harusi. Fomu ya kurejesha mtumishi, ndiyo hiyo. Jina, naandika. Cheo, fundi wa mtandao. Sababu ya kurejesha. Naandika: sababu za kiutawala. (Afisa Utumishi anatikisa kichwa. Anasema kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, nafasi ya fundi hairejeshwi bila kutaja kasoro inayojulikana, kwa namba.) Lakini kasoro hazipo, wewe. Nimezifuta. Katibu Mkuu amekaa pale, ana taarifa yangu mkobani, imeandikwa sifuri. Nikiandika namba moja tu hapa, mradi mzima unakwenda na maji. Hebu niandike dharura isiyo na namba. (Afisa Utumishi anasema fomu haina sehemu hiyo. Anaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba aliyeibuni fomu ni Mkurugenzi.)

(Bibi Waya anazungumza kwa mara ya kwanza. Hapandishi sauti.)

"Andika ukweli, mwanangu. Ni mstari mmoja tu, na kuna mwenzetu yuko mezani."

Naandika. Mnaniona naandika. Kasoro namba arobaini na moja, inayojulikana. Maelezo ya kasoro: cheo cha Mkurugenzi ni kirefu mno. Saini. Tarehe. Mpe mlinzi. Asome? Mwache asome, ndiyo kazi yake. Soma haraka, ndugu yangu, nakuomba. (Mlinzi anasoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. Anafungua mlango. Bibi Waya anaingia bila kukimbia.)

Mke wangu, usinitazame hivyo mbele ya watu. (Sauti ya Bibi Waya kutoka korido inauliza cheo kifupishwe kibaki vipi, herufi zisizidi sitini na nne.) Bakisha Mkurugenzi Mkuu Mtendaji wa Kurugenzi ya... (Sauti inasema hiyo haitoshi kupungua, kuna maneno ya tundu lenyewe pia.) Bakisha Mkurugenzi Mkuu. Bakisha Mkuu. Futa, mama. Futa chote. Andika benki ya damu, uwashe. (Anasikika akihesabu. Ukumbi mzima unahesabu naye, kwanza wapishi, kisha wauguzi, na ifikapo ishirini hata makaimu.)

(Thelathini. Simu ya mezani inatoa mlio. Mkunga wa zahanati ya tatu anamaliza mwayo wake. Muuguzi Mkuu ameshakimbia. Baada ya dakika chache anarudi na kusema damu imepatikana, imefika, na wameanza.) Asante. Hapana, si mimi wa kupigiwa makofi. Au pigeni kidogo, nimechoka.

Sasa Mheshimiwa Katibu Mkuu ananiuliza swali, na kwa kuwa kamera imerudi kufanya kazi, itabidi nilijibu. Anauliza Vesheni ya Kumi na Mbili ilikuwa wapi wakati kisanduku kimelala. Mheshimiwa, kwa ufafanuzi wa kitaalamu... Hebu tupige kauli mbiu nipate kupumua. Nikisema "Mtandao Imara", mseme "Taifa Imara". Mtandao Imara! (Mpishi mmoja anasema "Taifa Imara", anaona yuko peke yake, anaacha.) Kasoro Sifuri! (Wapishi wanaanza kupanga sahani.) Basi, tumeshafahamiana.

Nimalizie kwa shukrani. Nakushukuru Mgeni Rasmi kwa kuja kuzindua kukamilika kwa mradi ambao haujaanza. Haikuwekwa vesheni yoyote, hapa wala pengine. Vesheni hiyo niliiona kwenye kipeperushi nikiwa nasubiri kinyozi, nikapenda jina lake. Kilichokuwa kinaiendesha ruta ya hospitali hii ni mama yule, na siku zote za nane nilizofuta alikuja akaizima na kuiwasha bila kuniambia, akijua nitamkataza. Nawashukuru madaktari. Namshukuru mlinzi, ambaye nimemchukia kwa dakika sita na nitampandisha daraja. Na mwisho kabisa nawashukuru mafundi wa hospitali nyingine kumi na saba zilizomo kwenye taarifa yangu, ambao nao niliwaandikia barua kama ile ile, na kwao pia mradi haukuwepo, na...

(Anatazama saa ya mkononi. Anaweka hotuba chini.)

Barua zote zilisema saa sita kamili.

Afisa Utumishi, zimebaki fomu ngapi? Zilete zote. Mwenye kalamu ya ziada anisaidie, hii yangu inakwaruza. Shughuli imeahirishwa, kuleni, msinisubiri. Mama, njoo unitajie namba, wewe unazijua kwa kichwa. (Bibi Waya anavuta kiti, anaketi kando yake, na kuanza kumtajia, polepole, ili asikosee kuandika.)